Kiu ya Kuitwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Uji. Dawa ya presha. Kumvalisha mama sweta. Kaniita tena "mama mwenye nyumba". Nimemrekebisha mara tatu: mimi ni Anastazia, mwanao. Kacheka kwa adabu, kama mgeni. Tangu nimtoe kijijini Msanzi mwezi wa kumi na mbili hajawahi kuniita kwa jina. Naumia. Halafu chuoni nimepewa kufundisha mada ya Ubuddha, Alhamisi. Sijui kitu.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma. Buddha anaanza na mateso: kuzeeka, kuugua, kutengana na umpendaye, kutaka usichopata. Kisha anatafuta chanzo, kama daktari. Chanzo ni kiu. Kiu ya kupata, ya kung'ang'ania, ya kutaka kilichopo kisiwepo. Kiu ikizimika, mateso yanakoma. Njia ya kuizima ina mambo manane ya kufanya sawasawa: kuona, kunuia, kusema, kutenda, kutafuta riziki, juhudi, uangalifu, utulivu wa moyo. Ubaoni itapendeza.

Jioni nimemwonyesha mama picha zangu za utotoni. "Mtoto wa nani huyu?" Nimelia jikoni. Kwa hasira, si huzuni.

Alhamisi, 6 Machi
Kipindi ovyo. Mwanachuo mmoja, Edita, kauliza: "Mwalimu, kwa hiyo tusiwapende wazazi wetu?" Nimesema maneno mengi. Sikumjibu.

Nimerudi nyumbani nikampigia mama kelele. Sema jina langu! Sema! Katetemeka. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Mama kapotea. Nilienda bombani tu. Kurudi, mlango wazi, mvua inanyesha. Nimezunguka mtaa wote wa Malangali, sokoni, stendi. Hayupo. Majirani wakatawanyika kumtafuta. Nilimwahidi Mungu kila kitu.

Saa nane mchana nimemkuta barabara ya Matai, kalowana, kakaa kwa mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma. Hakunitambua. Akaninong'oneza: "Kule kuna mwanamke ananigombeza. Namsubiri mwanangu Anastazia aje anichukue."

Jina langu, hatimaye.

Nikamwambia, "Twende tukamsubiri nyumbani, mama. Kuna chai."

Akanipa mkono.

Jumamosi, 8 Machi
Mama anakohoa kidogo. Mimi situlii, nakagua kitasa kila mara. Swali la Edita limenikaa kichwani. Kumpenda siachi. Ila nilikuwa namdai awe mama wa mwaka juzi, na huyo harudi. Nimeandika hivyo nikadhani nitapoa. Sijapoa. Nataka maumivu yaishe leo leo. Na hiyo nayo ni kiu.

Jumatano, 12 Machi
Kaniita mama mwenye nyumba. Nimeitika. Edita nimemwambia sikumjibu siku ile, na kwamba bado najifunza. Kashangaa.

Jumapili, 16 Machi
Tumetoka misa. Jua kidogo, upepo wa baridi. Tumekaa nje tunamenya maharage mabichi. Mama kanitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia, nikamsogezea sinia.