Nimempa Mama Uso Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla roho haijanitoka, maana kamba niliyojifunga nayo nimeisokota mwenyewe.

Sebuleni kwa baba kulikuwa na picha moja ya marehemu mama yetu, na nikisema moja ni moja kweli, nyingine hatuna, na mdogo wangu wa kiume alikuwa bado ananyonya mama alipofariki, kwa hiyo mama anayemjua yeye ni yule wa ukutani tu. Sasa wifi yangu amejifungua mtoto wa kike, nami kwa kiherehere changu nikataka kuwapa zawadi, nikaishusha picha niitoe kwenye fremu iliyoliwa na unyevu niitie mpya, kumbe imegandana na kioo, nikaingiza kisu cha mezani nikavuta, uso wa mama ukabaki kwenye kioo vipande vipande, na mkononi nikabaki na karatasi yenye gauni, mikono, na weupe mtupu pale juu.

Nikakimbilia kwa fundi wa studio, akauliza kama kuna nakala, nikasema hakuna, akaniangalia, "Mnafanana?" Nikamwambia watu wote husema mimi ni mama mtupu. "Basi kaa hapo," akasema, akanipiga picha, akaufifisha uso wangu kwenye kompyuta na kuupachika juu ya gauni la mama, na mshauri, ilipendeza! Mdogo wangu aliipokea akalia, "Kumbe mama alikuwa mzuri hivi, dada! Yale madoa ya unyevu yalikuwa yananinyima kumwona," na sasa anataka ichapishwe kubwa aitundike chumbani kwa mtoto. Baba aliitazama weee, akasema, "Gauni ni lake," akaomba redio yake. Tangu irudi ukutani amegeuza kiti, ukuta ameupa mgongo, na mdogo wangu aliponiuliza mzee ana nini, nikamwambia macho yamechoka. Kioo nimekificha nyuma ya kabati, kukitupa siwezi, kukitazama siwezi. Kila mtu anafurahi, je, ninyamaze tu?

Dada Mtu

JIBU

Dada Mtu, pole sana. Umempoteza mama mara ya pili kwa mkono wako mwenyewe, na hilo linauma. Ila pole yangu inaishia hapo.

Unasema kila mtu anafurahi. Baba yako umemweka wapi? Mzee aliyeishi na mke wake unamwambia mwanawe kwamba haoni! Anaona vizuri kabisa, na amenyamaza ili akufichie aibu. Nenda ukamwombe radhi yeye kwanza, tena leo.

Kisha kitoe hicho kioo taratibu. Usikifute, usikikwangue, usikipake maji. Hayo makombo yaliyoganda ni uso wa mama yako mwenyewe, na bado yupo! Kilaze kwenye boksi, upande wenye picha ukiwa juu, ukipeleke kwa fundi pamoja na ile karatasi avipige picha vyote viwili na kuviunganisha. Mwambie azibe nyufa tu. Pasipo na kitu paachwe hivyo hivyo, asikuombe ukae tena kwenye kiti. Nenda na baba, akae karibu na fundi aseme kipi ni cha mama na kipi si chake. Mtapata mama mwenye makovu, na mtashukuru. Nakala mgawane, na karatasi yenyewe ikae kwenye bahasha kavu mbali na ule ukuta. Na mara nyingine picha ikigandana na kioo, ipigeni picha ikiwa humo humo. Visu ni vya mkate.

Mdogo wako umwambie kabla hajaichapisha kubwa. Atakasirika. Mwache akasirike, na usianze kulia wewe ili akugeukie kukubembeleza. Fundi naye usimsingizie, aliyekubali kukaa ni wewe.

Najua unatamani kuahirisha. Lakini mtoto akianza kusema, atainyooshea kidole ile picha, aseme "bibi", na mdogo wako atampigia makofi kwa furaha, na wewe utakuwa umekaa hapo hapo kwenye kochi. Usijifikishe huko, mama. Kamwambie.