Mama Mkwe Amehamia kwa Mwenyekiti

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana,
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko ugenini? Mgongo umepoa, au bado unaumia kwa kuwainua wagonjwa? Sisi huku hatujambo. Mimi hata nimenenepa, kwa kuwa hasira yangu imepata dawa.

Nilikuficha jambo. Pensheni ya mjane niliyoachiwa na marehemu ilikatwa. Unajua sheria yao: mjane akiolewa tena, haki yake imekwisha. Sasa kuna mtu alikwenda ofisi ya pensheni akaapa kwamba nimeolewa na fundi viatu, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Mtu huyo ni shemeji yangu mkubwa, yule tunayemwita Mwenyekiti kwa kuwa hata kikao cha kununua chumvi lazima akifungue yeye. Kisa? Alitaka chumba changu cha mbele afanye duka, nikamnyima.

Nililia, mdogo wangu. Marehemu alichomelea vyuma mpaka macho yakafifia, halafu jasho lake liliwe na uongo wa ndugu yake wa tumbo moja! Ofisini wakasema hawarudishi kitu mpaka mkubwa wa ukoo aje akanushe. Na mkubwa wa ukoo ni yeye huyo huyo. Alingoja nikampigie magoti. Thubutu!

Nilitaka aumie, wala sioni haya kukuambia. Nikakaa kitandani kwa mama mkwe, niliyekuwa nikimuuguza hapa kwangu, nikamweleza yote. Unamjua: alivunjika mguu, ulimi haukupata hata mchubuko. Akasema, "Kama umeolewa kwingine, mimi nakaa hapa kama nani? Nifungashie."

Tukakodi mkokoteni. Kitanda, beseni, redio yake yenye kelele kuliko mnada, na mwenyewe juu ya godoro kama bibi harusi. Mwenyekiti alikuwa na wageni sebuleni. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba mke wa mtu hawezi kuuguza mama wa watu. Nikaondoka bila kunywa hata maji.

Hakuwahi kujiuliza pensheni ile ilikuwa inamlisha nani. Sasa akajua. Mama anataka kugeuzwa, anataka chai ya moto, si ya vuguvugu, anataka shuka safi. Mke wa Mwenyekiti alikumbuka ghafla kwamba dada yake anaumwa, akafunga virago. Bwana akabaki na beseni. Na kila jirani aliyekuja kumjulia mama hali alisimuliwa na mama mwenyewe kisa chote tangu mwanzo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwezi haukuisha. Alikwenda mwenyewe ofisini, akakanusha mbele ya karani, na pensheni imerudi pamoja na malimbikizo. Mwanangu aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada amerudi chuoni, imelipwa.

Nisalimie shemeji na watoto. Fundi viatu naye anakusalimu, amecheka mpaka akajichoma na sindano. Mungu akuepushe na ndugu wa namna hii.

Nilisahau: jana Mwenyekiti alikuja, amekonda, ananibembeleza nikamchukue mama. Mama mwenyewe alishanitumia salamu kwamba nisiwe na haraka. Basi nikamwomba Mwenyekiti anivumilie, bado niko kwenye fungate.

Akupendaye daima,
Dada yako.