Tunda Letu la Kokoa Mikononi mwa Gwakisa

Kaka Ambakisye,

Wifi Tusekile hajambo, watoto wako wanasoma, na kokoa za nyuma ya nyumba zimeshachumwa. Hayo ndiyo mema. Sasa nikueleze linaloniuma.

Juzi niliitwa kule Makwale kwenye mafunzo ya walimu wa baiolojia. Mwalimu Gwakisa, yule rafiki yako aliyelia kuliko wote msibani kwako, akawasha kompyuta na kutuonyesha tunda la kokoa. Akalizungusha kwa kidole. Akagusa ganda, likawa angavu kama kioo, mbegu zikaonekana, na uozo ukaingia taratibu kutokea kwenye kikonyo.

Lilikuwa tunda letu, kaka.

Nililijua kwa mistari. Mimi ndiye niliyeandika programu inayofanya mistari ya kivuli ifuate mbinuko wa ganda, minene pembezoni, myembamba katikati, kama ulivyokuwa ukichora kwa chaki. Ubavuni lilikuwepo kovu la meno ya kindi, kwa sababu uling'ang'ania tuchore tunda la shambani kwako. Nilipotaka tutumie picha za kamera ulikataa. "Kamera inaonyesha kila kitu, Neema. Mwanafunzi anataka kuonyeshwa kimoja."

Jina lako halikuwepo. Langu pia.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikumbuka siku ya kuanua matanga, Gwakisa alivyoingia chumbani kwako peke yake, akasema anatafuta chaja. Chaja gani? Nikamfuata nje kumuuliza tunda kalipata wapi.

"Alinipa mwenyewe," akajibu, huku anaangalia viatu vyake.

Sikumwamini. Nikapanda bodaboda mpaka kwa wifi, nikitegemea atashtuka. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mchele.

"Alimpa hapa hapa, akiwa kitandani," akasema. "Alisema likibaki kwako halitatoka. Kila siku utasema mistari bado haijakaa."

Kaka, nilikuja kukuona jioni baada ya jioni. Tuliongea juu ya rangi ya ule uozo mpaka kikohozi kikakushika. Ulishindwa kuniambia? Sasa hata zile sifa ulizonipa nazipima upya. Sijui ipi ilitoka moyoni na ipi ilikuwa ya kunituliza.

Na kama Gwakisa alipewa kwa halali, kwa nini alificha majina? Nilimpigia simu. Alisema alisahau. Kesho yake majina yetu matatu yakawepo, lake likiwa la kwanza.

Ila sitakuficha. Kwenye mafunzo yale mwalimu mmoja wa kike aliomba aliguse yeye. Alilizungusha, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena. Akasema shambani kwa mama yake kokoa zinaoza vivyo hivyo kila masika, na ndiyo kwanza anaona uozo unapoanzia. Jioni hiyo alimpigia mama yake akamwambia matunda yapi ya kukata. Kama lingebaki kwangu, asingeliona. Hapo ulinijua, na ndiyo maana bado nimekasirika.

Kwa hiyo Jumatatu naanza kazi na Gwakisa. Tunachora mapafu, ili watu waone ugonjwa uliokuchukua unavyoingia wangali na muda wa kwenda hospitali.

Pumzika, kaka. Ndaga fijo, asante sana, kwa yote uliyonifundisha. Nakuahidi kwamba nitafanya naye kazi kwa uaminifu. Kumwamini, hilo sikuahidi.

Mdogo wako,
Neema