Tulivyomzika Baba Ng'ambo ya Kizuizi

Nyumbani,
Nyuma ya kinu cha kusaga,
Jumapili.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Mama na kwa shemeji yako. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Unakula vizuri, au bado unajidanganya kwa chai na mkate? Sisi huku hatujambo ya kusema tu: tunalala, tunaamka. Mama miguu inamsumbua, lakini anatembea.

Uliponiuliza kwenye simu jinsi tulivyomzika Baba, nilimpa Mama simu. Barua hii anakuletea jirani yetu dereva, anayesafiri kesho. Basi acha nikueleze yote, maana Baba alikuwa wako kama alivyokuwa wangu.

Kizuizi unakikumbuka kikiwa magunia ya mchanga na askari wawili wanaosinzia. Sasa ni ukuta, waya wa miba na foleni isiyosogea. Mkasi wangu walishauchukua, wakasema ni silaha. Nguo za wateja wa ng'ambo nazimalizia hapa hapa nyumbani, na nikizipeleka bado askari wanazichambua pindo kwa pindo. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofundishwa. Tumepisha mpaka tunaegemea ukuta.

Baba peke yake ndiye aliyekuwa na mzaha nao. Kila walipomtaka kitambulisho alisema, "Mwanangu, ni mimi yule fundi viatu wa jana. Sijabadilika, nimezeeka kidogo tu." Hata buti zao aliwashonea. Majirani walipomnunia alijibu, "Mguu ni mguu, hauna upande."

Pumzi ilipoanza kumbana tulimpakia kwenye mkokoteni, maana hospitali iko ng'ambo. Siku hiyo walikuwa wamefunga. Hawakusema kwa nini. Shemeji yako alisihi, Mama akasihi, mimi nikapiga magoti kwenye vumbi. Wakasema, "Rudini kesho." Baba akanigusa bega. "Twende nyumbani, mwanangu. Unajichafua bure."

Alikata roho alfajiri, kitandani kwake, Mama akimpepea. Jua lilipochomoza kizuizi kikafunguliwa.

Makaburi nayo yako ng'ambo. Waliruhusu wanaume wanne tu, wa kubeba jeneza. Wanawake, hapana. Mama na mimi tukabaki kwenye waya. Unaujua mkono wa shemeji yako kwenye mbao: jeneza alilitengeneza mwenyewe, akalipiga randa mpaka likawa laini kama meza ya maharusi. Askari mmoja akalitazama, akasema, "Fungueni."

Shemeji yako akamjibu, "Afande, sina nyundo. Mmekataza vyuma."

Basi wakalibandua kwa singe ya bunduki. Ubao wa juu ukapasuka.

Yule askari akafunua sanda, akautazama uso. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Ah, ni yule mzee wa viatu." Nikadhani ataishia hapo. Akaingiza mkono, akapapasa chini ya mgongo, kisha akajifuta kwenye suruali. "Pitisheni."

Mama hakulia. Alisema tu, "Wamemwamsha."

Misumari shemeji yako aliirudishia kwa jiwe la kuokota barabarani. Mpaka leo sijaliona kaburi, kibali hawajanipa. Mama humwomba mkwewe amweleze lilivyo, naye humweleza: liko karibu na ukuta, udongo wake mwekundu, maji ya mvua hayatuami. Kesho yake anamwomba tena, naye anaeleza upya bila kuchoka.

Sasa lililo zito. Najua kila mkiongea Mama anakwambia, "Njoo nikuone kabla sijamfuata baba yako." Najua pia umeanza kutafuta nauli. Kitinda, usije. Mtoto wa kinyozi alirudi kumwangalia mama yake mgonjwa. Wakamtoa kwenye foleni, kwa sababu ni kijana na ametoka mbali, na hakuna anayejua walikompeleka. Mama yake alipona. Siku hizi anashinda pale karibu na waya, anauliza kila gari linalopita.

Tulizoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe baki huko, ndivyo tutakavyopona. Mwambie Mama kazi imekubana, nami nitakuunga mkono. Atanuna, atasema umetusahau. Mwache akasirike. Hasira ya mama kwa mtoto aliye hai si msiba.

Shangazi anakusalimu sana, na shemeji yako anasema ujifunike kifua. Mungu akufungulie kila mlango unaoubisha huko uliko.

Akupendaye, na kwa hiyo anakukataza,
Dada yako.