Amplifaya Iliyokaa kwa Kompadre

Puebla, 9 Machi 1998

Mwanangu Zenaida,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Kifua kimepona, au baridi ya Chicago bado inakula mbavu zako? Mimi niko salama. Goti tu ndilo linanisumbua ngazini, na paka amezaa tena ndani ya kabati la sahani.

Pesa ulizotuma zilifika. Siku ileile nilizipeleka zote kwa Don Wenceslao anitengenezee amplifaya. Ilizima nikipiga muziki harusini, watu wakiwa katikati ya ngoma ya kumbia, nikabaki na maikrofoni mkononi nikiita wachezaji kwa koo tupu. Don Wenceslao aliifungua mbele yangu akasema ni kazi ndogo, njoo Jumamosi. Jumamosi ikaja ikaenda, na nyingine nyuma yake. Kila nikifika ni "Sasa hivi, komadre, sasa hivi," halafu ananimiminia kahawa. Kahawa yake nimeinywa mpaka tumbo linawaka moto.

Risiti usiniulize. Yule ni baba yako wa ubatizo. Mimi na yeye ni makompadre tangu ulipomwagiwa maji kichwani. Nani anamwomba kompadre wake risiti? Ingekuwa sawa na kumtemea mate usoni.

Lakini sikia hili. Kamati ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio hapa mtaani imenipa mimi muziki wa mwaka huu! Miaka yote wimbo wao ni mmoja: mwanamke apike mchuzi wa mole, mwanamume apige muziki. Safari hii jina litakalobandikwa ukutani ni la mitambo yangu, La Terca, yaani Mkaidi. Sikukuu ni tarehe 13 Juni. Bila amplifaya, spika zangu ni makabati tu.

Mama yako,
Obdulia

Chicago, 24 Machi 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, kwani hotelini wamenihamishia chumba cha kufulia mashuka na huko kuna joto la kutosha. Pole kwa goti. Mpe paka hongera zangu, ingawa nadhani amezidi.

Nimefurahi kuhusu sikukuu mpaka nikapiga kelele, mwenye nyumba akagonga ukuta. Lakini kuhusu amplifaya nimekasirika, Mama, na nasema wazi. Don Wenceslao alinishika mimi juu ya beseni la ubatizo, hakuishika amplifaya yetu. Fundi aliyekwisha kulipwa hakufanyii hisani. Ana kazi yako mkononi na lazima akwambie inaisha lini. Mwombe aandike amepokea nini, kwamba amelipwa, na atairudisha tarehe gani. Akikataa, pale mjini iko ofisi ya kutetea wateja. Ingia, keti, usitoke mpaka wakusikilize.

Na kahawa yake usiinywe tena.

Binti yako,
Zenaida

Puebla, 14 Aprili 1998

Zenaida wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekula. Hapa Pasaka imepita vizuri, goti limetulia kidogo.

Nilikwenda. Karakana ilikuwa imejaa watu na redio zao, na Mungu anajua nilivyotamani kurudi nyumbani. Nikajikaza.

"Kompadre, niandikie hapa unanirudishia lini mashine yangu."

"Karatasi, komadre? Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

"Leo umeniona mwizi?"

"Nimekuona fundi. Fundi huandika."

Mzee mmoja aliyeleta blenda yake akaangua kicheko, na hapo kompadre akageuka mwekundu. Akachana jani la kalenda, akaandika nyuma yake kwamba amepokea amplifaya, imelipiwa yote, ataileta tarehe 30 Aprili. Akalitupa mezani. Nililiokota, na barabara nzima nililia kwa aibu, sijui aibu ya nani.

Jumapili, tulipofika pale pa kupeana amani kanisani, mkewe Herminia alinipita akampa mkono mtu wa nyuma yangu. Bibi huyo amekula tamale zangu kila Krismasi. Basi, na akae njaa.

Mama yako,
Obdulia

Chicago, 6 Mei 1998

Mama,

Shikamoo, na natumaini u mzima, kwa sababu hapa nilipo nina wasiwasi. Tarehe 30 imepita na sijapata neno lako. Halafu jana binamu Rutilio amenipigia simu akicheka hata hawezi kusema. Nilichoambulia ni kwamba umeteka maikrofoni kwenye sherehe ya watu na mtaa mzima unakuzungumzia.

Umefanya nini?

Zenaida

Puebla, 17 Mei 1998

Mwanangu,

Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa mwezi mzima uliopita. Wewe tulia, keti chini, usome.

Tarehe 30 kompadre alisema kuna kifaa kinatoka Mexico City. Siku mbili baadaye nilialikwa kwa mwoka mikate, binti yake ametimiza miaka kumi na mitano. Mpiga muziki alikuwa mpwa wake Don Wenceslao. Nikapita karibu na meza yake kwenda kuchukua sahani, nikaona amplifaya. Kitufe cha sauti kimepakwa rangi nyekundu ya kucha. Rangi yangu, Zenaida, niliyoipaka mwenyewe nisikosee gizani! Inanguruma, nzima kabisa. Mjomba mtu anaikodisha, mimi naambiwa ni mgonjwa.

Nilitaka kuipindua ile meza. Lakini unajua desturi yetu, mpiga muziki mgeni akionekana sherehini hupewa maikrofoni atoe salamu. Nikasimama mbele ya yule kijana nikanyoosha mkono. Angefanya nini mbele za watu? Akanipa.

Nikasema: "Salamu kwa binti yangu Zenaida kule Chicago, aliyetoka jasho katika hoteli ya watu kulipia matengenezo ya amplifaya hii mnayoisikia! Na salamu za pekee kwa kompadre wangu Don Wenceslao, anayeniambia kila wiki kwamba bado haijapona! Jamani, mgonjwa wangu mnamsikiaje?"

"Mzima!" ukajibu uwanja mzima. Nikawauliza tena, wakajibu kwa nguvu zaidi.

Jumatatu nilikuwa ofisi ya wateja na lile jani la kalenda. Wamemwita kwenye shauri, tarehe 17 Juni. Ndiyo, siku nne baada ya sikukuu.

Jioni wito ulipomfikia, alikuja hapa na mkewe na mfuko wa mikate mitamu. Akasema, "Komadre, nakuletea mashine kesho asubuhi. Wewe nenda ufute yale malalamiko, tuishi kama zamani." Nikamwambia alete mashine, malalamiko yatabaki. Akasema basi tutaonana ofisini, na mashine itakaa kwake mpaka siku hiyo. Aliondoka na mikate yake.

Nifanyeje, mwanangu? Najua nitakalofanya, lakini nataka nikusikie.

Mama yako,
Obdulia

Chicago, 29 Mei 1998

Mama yangu,

Shikamoo, na goti lisikusumbue. Barua yako nimewasomea wenzangu wa kufua, wamepiga makofi mpaka msimamizi akaja. Najivunia wewe, sina la kuficha.

Lakini futa malalamiko, Mama. Najua mimi ndiye niliyekutuma ofisini. Nakumbuka nikiwa mdogo ulivyokuwa ukifungua spika mezani, baba anauliza chakula kiko wapi. Sikukuu hii umeitaka tangu wakati huo. Pesa nitatuma nyingine. Chukua mashine upige muziki, ili wale wanaume wa kamati wakuone umesimama pale juu. Mwakani nani ajuaye kama watakupa tena?

Naumia kuandika hivi. Nifikirie.

Binti yako,
Zenaida

Puebla, 20 Juni 1998

Zenaida, mwanangu,

Pokea salamu na busu la kipaji cha uso. Barua yako ilifika mapema, na kama nilichelewa kujibu ni kwa sababu kwanza nilikukasirikia, kisha nikalia, kisha nikakuelewa.

Sikufuta.

Sikukuu kapiga mwingine. Sitakudanganya kwamba haikuuma. Nilikaa kizingitini nisikilize kama mtu mzima, lakini kumbia ya kwanza ilipoanza niliingia ndani nikajifunika mto kichwani.

Tarehe 17 nilivaa gauni la bluu. Mama mmoja wa ofisi alimuuliza swali moja tu: "Amplifaya hii ilipona lini?" Kompadre akaangalia kofia yake. Akasema, "Machi." Machi, Zenaida! Nami nakunywa kahawa! Amerudisha mashine, amerudisha pesa ya matengenezo, na ameongeza juu yake kwa sababu ya kuitumia bila ruhusa, akatia sahihi. Hakunitazama. Tuliposhuka ngazi nilimwambia kwaheri, kompadre, maana maji ya ubatizo hayafutwi. Akavaa kofia akashika njia yake, na nilihuzunika, lakini ningefanya vilevile tena.

Jana amekuja Don Fidencio, mkubwa wa kamati. Sikukuu ya mwakani ni yangu, anasema, ila kwa sharti. Kwenye maikrofoni nitoe salamu za kawaida, nisitaje mafundi wala kesi, Don Wenceslao ni mtu wa heshima. Nikamuuliza kama wanaume nao hupewa sharti hilo.

"Ah, Doña Obdulia, wanaume hawana haja ya kuambiwa."

Nikamwambia basi atafute mwanamume. Akacheka kidogo, nadhani alingoja nami nicheke, kisha akaenda zake.

Kesho ni Jumapili. Saa nne, wakitoka misani, nitaweka spika zangu mlangoni kwangu na kufungulia muziki. Sikukuu ya nani, sijui. Atakayetaka kucheza acheze, barabara ni ya wote.

Mama yako,
Obdulia