Meli Inakungoja, Dada Koku

Kwa dada yangu Koku, Kishanda.

Osibile ota waitu, umeshindaje wangu? Naanza na wewe, kisha nauliza mengine kwa mpangilio unaoupenda: mgongo unaendeleaje, migomba ya upande wa bondeni imepona ule mnyauko, na yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anaingia kwenye maharage ya watu? Mimi, Projestus wako, ni mzima. Tumbo limeongezeka kidogo na nywele zimepungua kidogo, kwa hiyo ukijumlisha utaona uzito wangu haujabadilika.

Najua barua hii huisomi mwenyewe. Unasomewa na mumeo, shemeji yangu Respicius, ameketi kwenye kile kiti chake cha mlangoni na miwani yake iliyofungwa uzi. Shemeji, salamu nyingi. Nakuomba usome kila neno kama lilivyo, hata pale nitakapokusema wewe. Usiruke. Nitajua.

Dada, nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu unaikata. Nikikuuliza habari ya macho unasema ni mazuri, kisha unaniuliza kama nimekula, kisha mtandao unapotea. Mtandao wa Kishanda una akili sana, unapotea pale pale kila mara. Barua huwezi kuikata. Labda uinuke uende jikoni, na hapo namwomba shemeji akufuate huku anasoma.

Sasa tulia nikuungamie jambo. Huu ni mwaka wa pili wewe ni nahodha wa meli inayosafiri katikati ya nyota.

Usicheke kwanza. Unajua kwamba huku kaskazini mwa Norwe natengeneza majokofu ya kiwanda cha samaki. Mimi niliyekimbia harufu ya dagaa wako nikiwa kijana, nimekuja kuifuata hadi mwisho wa dunia. Jumapili baada ya misa hatuna pa kwenda, ndipo mama mmoja mwalimu mstaafu, anaitwa Gunvor, akaanza kutukaribisha kwenye ukumbi wa kanisa tunywe kahawa na kucheza mchezo wake. Tuko watatu. Mimi, Danilo Mfilipino anayekata minofu, na Marek Mpolandi anayeendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo.

Mchezo wenyewe ni wa maneno. Gunvor anasimulia: mko ndani ya meli ya angani, mbele yenu kuna hiki na kile, mnafanya nini? Kila mmoja anamsemea mtu wake aliyembuni. Jambo likiwa halijulikani litakwendaje, tunatupa dadu. Na kila mtu wa mchezo ana karatasi inayoeleza yeye ni nani, anaweza nini na amebeba nini.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoniponza. Dada, mimi nimeishi na fomu. Viza ni fomu, kazi ni fomu, chumba ni fomu, jino likiuma ni fomu. Siku ya kwanza Gunvor aliponipa ile karatasi nikaona jina, umri, kazi, mahali anapotoka, ujuzi, tabia, nikajua moja kwa moja hapa anatakiwa ndugu wa karibu, wa kujulishwa siku nikianguka kwenye ngazi. Nikakuandika wewe. Jina: Kokushubila, huitwa Ma Koku. Umri: sitini na mbili. Kazi: mkulima, zamani mchuuzi wa dagaa wa visiwa vya ziwani. Ujuzi: kupatana bei, kupika, kulea wadogo zake. Tabia: hashauriki. Penye "amebeba nini" nilishangaa kidogo, lakini nikaandika: kisu cha kumenyea ndizi, kanga mbili, kahawa ya kutafuna.

Wenzangu waliposoma za kwao nikasikia mizinga, mabawa na miale ya moto. Nikataka kuirudisha ile karatasi, lakini Gunvor alikuwa ameshaichukua anaisoma taratibu. Akaniuliza kama huyu ndiye nahodha. Kinorwe changu wakati ule kilikuwa cha kuitikia tu, nikaitika. Ndivyo ulivyopandishwa cheo.

Nikwambie watu wako. Marek alikuja na roboti, mtu wa chuma mrefu kama mlingoti, mwenye bunduki mbili badala ya mikono na jina la tarakimu tisa. Nahodha Koku akasema hawezi kumwita mtu kwa tarakimu, akampa heshima ya mzee, akamwita Ta Bati. Kisha akamfundisha salamu. Siku hizi Ta Bati hamfungulii mlango mtu ambaye hajamuuliza ameshindaje. Siku moja maharamia walituvamia, silaha mkononi, na injini yetu imezima. Ta Bati akasimama mlangoni akaanza kuwauliza habari za baba, habari za mama, habari za nyumbani, mavuno, mvua. Marek alikuwa anasema hayo kwa uso mkavu kama mzee wa kanisa. Kufika kwenye habari za wajomba, injini ikawaka tukaondoka.

Aliyeiwasha ni fundi wetu, mtu wa Danilo. Ni mnene, anaogopa vyura, analala saa za kazi, na kitu kikiharibika mkononi mwake anasema alikikuta hivyo hivyo. Danilo amempa jina Projesi. Nilimuuliza amemtoa wapi mtu wa ajabu namna hii, akasema kazini. Walicheka mpaka Gunvor akamwaga kahawa. Shemeji, na wewe hapo umecheka, nimekusikia.

Lakini wanayempenda ni wewe. Kulikuwa na sayari ya wafanyabiashara wagumu, wamekataa kutuuzia mafuta. Wenzangu wakataka vita. Mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya visiwani, ukilitaka gunia la dagaa unalikalia, unaanza kumsimulia mwenye gunia safari yako yote tangu Kishanda, nani mgonjwa, nani kaoa, mpaka anachoka anakuachia kwa bei yako ili akapumzike. Nahodha Koku akalikalia pipa la mafuta. Nikatupa dadu, ikatoka sita. Tena sita. Tuliondoka na mapipa mawili, na mwenye duka akatusindikiza. Sasa nyuma ya injini, palipo na joto, umepanda miche mitatu ya migomba, ile ya nshakala, na Gunvor ameichora kwenye ramani ya meli.

Basi hayo ndiyo mazuri. Sasa nakuja pale unapopakwepa.

Barua yako ya Pasaka, dada, mistari ilianza vizuri, ikapanda mlima, ikavuka ukingo wa karatasi, na neno la mwisho nadhani uliliandika mezani. Nikampigia shemeji kwa siri. Shemeji, nisamehe, nimeitoboa siri yetu. Akaniambia daktari wa macho aliyekuja Muleba alikukuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akakupangia siku ya kwenda Bukoba kufanyiwa upasuaji. Siku ilipofika ukasema kahawa haijaanuliwa. Ukapangiwa nyingine. Ukapanda gari mpaka Muleba, ukashuka, ukanunua chumvi, ukarudi nyumbani. Akasema siku hizi unawajua watu kwa sauti na kwa hatua zao, na kwamba padre alipowatembelea ulimimina chai pembeni ya kikombe chake ukasema kikombe ndicho kilichosogea.

Jumapili ile nilikaa mezani bila akili. Gunvor akaniuliza nina nini, nikawaeleza yote, pamoja na chumvi.

Jumapili iliyofuata akaanza kusimulia kama kawaida. Mbele ya meli kuna mawe makubwa yanaelea, lazima tupite katikati yake. Nahodha ameshika usukani, lakini macho yake yana ukungu, mawe anayaona kama moshi. Karibu hapo kuna kituo chenye daktari wa macho. Nahodha anafanya nini?

Sikungoja hata dadu. Nikasema nahodha anakubali, anakwenda kwa daktari leo leo.

Marek akaweka penseli chini. "Hapana. Huyo si Ma Koku."

"Mimi ndiye mdogo wake," nikasema.

"Wewe ni mdogo wake, lakini sisi tunasafiri naye. Ma Koku angesema migomba itakauka."

Danilo naye akasema angeshuka kituoni, angenunua chumvi, angerudi melini. Nilikasirika, dada. Nikawaambia huu ni mchezo tu, na karatasi ni yangu. Gunvor akanikumbusha sheria yake ya siku zote, kwamba unasema lile ambalo mtu wako angelifanya, silo lile unalotamani alifanye. Kisha akaniuliza kwa upole, "Projestus, anaogopa nini?"

Mwaka wa pili sasa nakusemea. Najua unavyokalia gunia, unavyokohoa kabla ya kumkatalia mtu, unavyoficha kipande kizuri cha samaki chini ya ndizi kwa ajili ya yule aliyechelewa. Aliyechelewa siku zote nilikuwa mimi. Lakini hilo la unaogopa nini sikulijua, na nikaona aibu, kwa sababu sijawahi kukuuliza. Nimekuhimiza tu, kama anavyohimizwa punda.

Danilo akachukua dadu akasema basi tuiache iamue. Gunvor akaifunika kwa kiganja chake. "Hili si la dadu," akasema. "Muulize mwenyewe."

Tangu siku hiyo meli imesimama mbele ya mawe. Hii ni Jumapili ya tatu. Tunakunywa kahawa, tunakula biskuti, na mchezo hauendelei, wamekataa. Marek akifika tu anasema Ta Bati amemwagilia migomba, ili nahodha asije akapata kisingizio. Danilo anasema Projesi hajasinzia hata mara moja, na hilo pekee lingetosha kuwatisha watu wa Kishanda.

Kwa hiyo nakuuliza, waitu. Unaogopa nini? Nianze na langu ili usione nakuhoji kama polisi. Mimi naogopa nije likizo Desemba, nisimame hapo mlangoni na begi langu, uniangalie usoni halafu uniulize mimi ni nani. Basi, hilo ndilo langu. Sijamwambia mtu mwingine, na sasa shemeji amelisoma kwa sauti.

Kama ni kisu unachoogopa, Gunvor alifanyiwa macho yote mawili, na sasa anasoma maandishi madogo kwenye pakiti za biskuti na kutulalamikia yaliyomo. Kama ni migomba, kaka yetu Audax amekubali kuja kupalilia, nimezungumza naye. Kama ni shemeji kubaki peke yake na jiko, hapo kweli pana hatari, lakini atapona. Na kama ni jambo ambalo sijaliwaza, liseme hilo hilo. Shemeji anasema hospitali imekubali uende siku yoyote ya kliniki ya macho. Ukisema ndiyo, nitawaambia mezani. Ukisema hapana, nitaisoma hapana yako na sababu yake vile vile ulivyoisema, sitaigeuza, na meli ikigonga mawe tutagonga pamoja.

Nisalimie Audax kwenye baiskeli zake pale Muleba, mwambie spana yangu bado naihesabu kuwa ni yangu. Nisalimie shangazi Justa wa Bukoba, ambaye ameshatandika kitanda chako na kuniapia kwamba kutoka kwake hadi hospitali ni hatua chache. Nisalimie jirani yako Ma Leokadia, na umwombe radhi kwa niaba ya yule ng'ombe.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni, fundi wa meli yako, niko macho,

Projestus.

Shemeji, ukimaliza kusoma usiikunje barua. Mpe Nahodha kalamu na karatasi, ajibu kwa mkono wake. Usimsaidie. Mistari ikipanda mlima, iache ipande.