Kilichozikwa Nyuma ya Nyumba

Mkomani, Lamu
Jumatano

Kwa mzazi wangu Bwana Abdulkadir, Siyu.

Assalamu alaikum, Baba. Niwie radhi kwanza, salamu nyingine zitafuata. Siku ishirini na tatu nimekuwa nikiishika kalamu hii na kuiweka. Kisingizio ninacho: Rayyan anaota meno, usiku halali na mchana hashikiki, naandika maneno mawili nanyonyesha. Lakini si meno ya mtoto yaliyonikawiza. Ni uoga wangu.

U hali gani? Mgongo umekuachia? Na Mama na magoti yake? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila uchovu. Mkweo Hamdu anachonga mlango wa nyumba moja huku Mkomani tangu mwezi uliopita, na mwenye nyumba kila wiki abadilisha maua anayoyataka. Anakusalimia sana, na anauliza vile viatu ulivyomuahidi vinashonwa au bado ng'ombe yuko malishoni.

Utasema kwa nini nisipige simu. Baba, simu yako waijua. Ukipokea tu waweka sauti ya nje, na baraza zima linaniitikia salamu. Mwaka jana nilikuambia tumbo laniuma, Siyu nzima ikaniletea habbasoda. Haya ya leo ni yako peke yako. Barua nimempa Bi Barka, jirani yangu, akutie mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Wakumbuka Khairiya alivyoanza. Mtoto wa miaka kumi, akibeba sinia anayumba, asubuhi kichwa chamuuma anatapika, na wenziwe wa chuo cha Kurani wakimwita bata. Ulimnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, siku saba, na kwa hilo sikulaumu, mimi mwenyewe nililinywa nilipokuwa na mimba yake. Kisha ikapigwa picha, tukaambiwa ana uvimbe nyuma ya ubongo, tukaenda Nairobi. Siku ya kupasuliwa ulinipigia mara tatu kabla ya saa mbili asubuhi, na neno lako lilikuwa lile lile: watakachokitoa kisitupwe, ni kiungo chake, kirudi kizikwe palipozikwa kitovu chake. Nikakuitikia inshallah.

Nikaja na kopo nimelizungusha plasta. Ulilipokea kwa mikono miwili, ukasema haifai kuchungulia kiungo cha mtu, ukalivika bafta nyeupe kama sanda. Ulichimba mwenyewe nyuma ya nyumba na mgongo huo huo unaouma, ukakataa kusaidiwa. Mama akatia kahawa, halua ikakatwa, na Mzee Mselem akasema amezika watu wengi lakini haya ndiyo maziko ya kwanza kwake kumuona mwenye maiti akidai kipande cha pili cha halua. Watu wakacheka, Khairiya akapewa kipande chake. Wewe hukucheka. Ulikuwa unalia, ukidhani hatukuoni.

Nikamwacha Khairiya kwenu apumzike, nikarudi huku na Rayyan. Siku ya kliniki ilipokaribia nikakuomba umlete. Ukaniambia, na baraza lote likisikia: "Aende akatafute nini huko, na ugonjwa ninao mimi hapa nyuma ya nyumba? Umelala, usiuamshe. Njoo wewe huku, mtoto haendi." Nikasikia wazee wakisema naam, naam. Nikakata simu. Kliniki ikapita.

Siku ishirini na tatu zilizopita akanipigia Daktari Roselyn, yule mwanamke mrefu niliyekuhadithia, anayefanya utafiti wa uvimbe wa ubongo na maradhi ya mishipa yake. Aliniuliza tumepotelea wapi. Kisha akanieleza polepole, nami namwambia rudia, naye anarudia. Uvimbe wa Khairiya haukuwa nyama ya kawaida. Ulikuwa umefumwa kwa vijishipa vya damu, kama uzi uliotatana. Wameuchunguza miezi miwili na wamejua ni aina inayofuata damu ya ukoo. Yaweza kuota tena kichwani, yaweza kuota nyuma ya macho, na ikiachwa mtu anapofuka. Ikiwahiwa ingali ndogo, ile ya machoni huchomwa kwa mwanga na macho yanabaki. Na katika picha ya mwisho ya Khairiya kuna kingine kichwani, kadiri ya punje ya mtama. Wanataka kukiona kabla hakijakua.

Akaniuliza kama kwetu kuna aliyepofuka ujanani, au aliyekuwa akitembea akiyumba. Papo hapo nikakumbuka, Baba. Nilimuona dadako, shangazi Mardhiya, akipapasa kuta za uchochoroni kwetu, nasi watoto tukimfuata nyuma tunamuiga. Tuliambiwa ana jini. Nikamwambia Daktari nitauliza nyumbani, na sikuuliza.

Sasa utajiuliza wamechunguza nini miezi miwili, ilhali chenyewe kiko kwako. Baba, hakiko kwako. Hakikufika Siyu. Asubuhi ile, baada ya simu yako ya tatu, Daktari Roselyn aliniletea karatasi. Hakunisukuma. Alisema kipande kikibaki kwao watakisoma, huenda kikamfaa Khairiya, huenda kikamfaa mtoto wa mwingine ambaye hatutamjua. Nikatia sahihi. Ulichozika ni nywele zake walizomnyoa kisogoni. Nilimuomba muuguzi anizolee, nikazitia koponi. Sikukutamkia uongo, nilinyamaza tu, na nahisi hilo ni baya zaidi, maana nilikutazama ukilia nami nikaendelea kunywa kahawa.

Kwa kukuficha naomba radhi, nakushika miguu. Kwa ile sahihi siombi. Wakiniletea karatasi ile kesho nitatia tena, kwani lau kingezikwa tusingejua lolote, tungengoja mpaka aanze kupapasa kuta. Hakitatupwa. Nimeandikisha kwamba wakimaliza, kitakachobaki nirudishiwe, na utakizika wewe kwa mikono yako. Lakini mimi ndiye mama yake, na kliniki hii haitapita. Nikasirikie mimi utakavyo. Usimzuie Khairiya kwa ajili ya kopo la nywele.

Damu yangu nimeshaitoa, majibu bado. Rayyan atafuata. Na lile jicho lako la kushoto, unalosema limeingia vumbi la ngozi za viatu, mimi siamini tena kama ni vumbi. Hilo tutalizungumza uso kwa uso.

Msalimie Mama, umwambie mwenyewe, kwa maneno yako, nisije nikamuua kwa barua. Wasalimie wa barazani, ila usiwasomee. Nakupenda, Baba, na nilikupenda siku ile ulipokuwa unachimba, hata zaidi.

Ninavyohitaji uniletee ni hivi, kwa boti ya Jumamosi, maana kliniki ni Jumanne. Khairiya mwenyewe, Bi Barka atarudi naye. Cheti chake cha kuzaliwa, kile chenyewe si nakala, Mama amekiweka katika sanduku la nguo. Bahasha ya kahawia yenye picha za kichwa, isikunjwe. Sweta lake, Nairobi kuna baridi. Dawa zilizobaki pamoja na pakiti zake, hata zilizokwisha. Na karatasi moja kwa mwandiko wako: shangazi Mardhiya alianza kuyumba akiwa na miaka mingapi, macho yalizima lini, na nani mwingine kabla yake. Usiandike jini. Andika ulichokiona.

Mwanao,
Raihana